Mwandishi Tuliyemzika Rukala

Funyula, 3 Machi 2025

Mwalimu Petronilla,

Habari za Malaba na vumbi la malori yenu? Sisi huku tuko salama, isipokuwa wewe unataka kuniua kwa maswali. Leo sijamaliza hata kufungua mlango wa saiba, hili duka langu la kompyuta, nakuta barua yako imejaa masahihisho ya sura moja tu! Ati koti la Makokha lilikuwa la kijani kwenye karamu, halafu kanisani likawa la bluu. Liache, mwalimu. Quinton, kiongozi wetu, alituambia wazi siku ile ya mkutano pale Busia: sisi tunanakili vitabu vya zamani ili watu wavisome bure, hatukuajiriwa kumfundisha marehemu kuandika. Kama baba yangu alitaka Makokha abadilishe koti njiani, hiyo ni shauri yake.

Najua wewe ni mgeni kwenye kikundi, kwa hivyo ngoja nikueleze kitabu hiki kimetoka wapi, labda utanihurumia. Baba yangu, Callistus Wabwire, alikiandika *Tarumbeta ya Makokha* akiwa bado kijana. Kilichapwa mara moja tu, mwaka wa 1971, na mchapishaji mwenyewe alishafunga duka kitambo. Nakala ninayojua ni ile moja ya mama, aliyoificha sandukuni ndani ya karatasi ya nailoni. Mwaka wa 1974 mto Nzoia ulifurika, mtumbwi wa baba ukapinduka, akaenda. Mimi nilikuwa tumboni, na mama mwenyewe alikuwa hajajua.

Sheria inasema miaka hamsini ikishapita tangu mwaka aliokufa mwandishi, kitabu kinakuwa cha watu wote. Ndiyo maana tumeanza mwaka huu. Quinton alitaka ushahidi wa mwaka wa kifo, nikampelekea picha ya msalaba wa kaburi kule Rukala. Niliupiga picha mwenyewe baada ya kung'oa magugu, kama ninavyofanya kila nikienda kumwona mama.

Sina picha ya baba hata moja, maji yalibeba zote. Nikichapa maneno yake ndipo ninapomsikia akiongea, na ni mcheshi kweli, mwalimu, sikujua. Pasaka tutakisoma pale kaburini, jamaa wote wawepo. Tafadhali nisaidie tumalize kabla ya hapo, na maswali yapunguze kidogo.

Wako katika kazi,
Roselida

---

Malaba, 9 Machi 2025

Dada Roselida,

Kaa chini kwanza. Kama kuna mteja hapo, mwambie arudi baadaye.

Yale maswali yaliyokuchosha si yangu. Nilipaswa kukuambia mapema, lakini niliona aibu, maana mimi ndiye mwalimu.

Unajua tunavyohakiki. Mimi nasoma kwa sauti kile ulichochapa, hata koma naitaja, na mjukuu wangu Adeke anafuata kwa kidole kwenye picha ya ukurasa wa kitabu. Tunakaa barazani kwa sababu ndani kuna joto. Sasa kuna jirani yangu, Mzee Emorut, ambaye nyumba yake haina stima na huja kwangu kuchaji redio. Alianza kwa kukaa tu na kusikiliza. Siku moja akasema, "Hapo mmekosea, koti lilikuwa la bluu tangu mwanzo." Nikamwambia kitabu kinasema kijani. Akasema, "Basi waliochapa walikosea." Nilidhani ni uzee, nikakuandikia tu ili kumridhisha.

Jana tulikuwa kwenye sura ya harusi, pale Makokha anapopuliza tarumbeta mpaka mbwa wa padri wananyamaza. Nikasimama katikati ya sentensi kunywa maji. Mzee akaimalizia. Halafu akaendelea, dada, akaingia aya inayofuata, ambayo tulikuwa bado hatujaisoma, wala mimi sijawahi kuiona. Alikuwa anatazama barabara, anasema taratibu kama mtu anayehesabu mbuzi wake. Adeke akamfuata kwa kidole kwenye picha, neno kwa neno, mpaka mwisho wa ukurasa. Mtoto wa watu alibaki mdomo wazi. 

Nikamuuliza, "Mzee, kitabu hiki ulikisoma wapi?"

Akasema, "Sikukisoma."

Akachomoa redio yake ikiwa haijajaa, akaenda zake. Sijalala vizuri tangu hapo. Nieleze, dada, ni nani mwingine aliyewahi kuwa na kitabu hiki? Na ile habari ya mto, una hakika nayo?

Petronilla Asekenye

---

Funyula, 10 Machi 2025

Mwalimu,

Hapana.

Unajua unachoniuliza lakini? Ati nina hakika! Baba yangu yuko Rukala chini ya msalaba wenye jina lake. Nimelima pale tangu nilipoweza kushika jembe. Nilipoolewa huku Funyula nilikwenda kumuaga pale pale, nikiwa na gauni langu. Nilipomzaa Sharlyne nilimpeleka nikamlaza kwenye majani ili babu yake amwone. Sasa wewe unaniletea habari za mzee wa redio!

Watu wa zamani walikuwa wanakariri. Walikariri Biblia nzima na majina ya mito ya Ulaya. Kitabu kilisomwa, watu walikuwa nacho, na huyo mmoja wao akakishika kichwani. Hilo ndilo jibu, na sitaki lingine.

Lakini nimesoma barua yako mara nyingi mno, na saiba nimeifunga mchana kweupe, watu wanagonga mlango wakitaka kuchapiwa barua zao za kazi. Kwa hivyo fanya hivi. Muulize jambo ambalo halimo kitabuni. Akishindwa, usiniandikie habari zake tena, tafadhali. Na usimwambie mimi ni nani. Kama ni tapeli, sitaki anijue hata jina.

Mimi naenda Rukala kwa mama.

Roselida

---

Malaba, 16 Machi 2025

Dada Roselida,

Nimefanya ulivyosema. Wiki nzima alinikwepa, leo baada ya misa akaja mwenyewe na redio yake. Sikuwa na ujanja wowote. Nikamuuliza tu, "Mzee, yule msichana wa kitabuni, yule Taaka anayemcheka Makokha, alitoka wapi?"

Akaichomeka redio yake kwanza. Kisha akasema, "Jina lake si Taaka. Ni Nasambu. Nilibadilisha kwa sababu baba yake aliapa kunivunja miguu nikimtia binti yake kitabuni. Baadaye nikamwoa, na miguu nikabaki nayo." Halafu akaniuliza kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Sijui bado anacheka akikasirika?"

Wewe hukuwahi kuniambia jina la mama yako. Nimelitafuta katika barua zako zote, halimo. Kama si Nasambu, nimekosa, nitakuomba radhi kwa magoti. Kama ndiye, basi endelea kusoma.

Anasema mtumbwi ulipopinduka maji yalimtupa kwenye mafunjo mbali sana, wavuvi wa upande wa Uganda wakamwokota. Aliugua homa kwao muda mrefu, hajijui hajitambui. Alipopata nguvu akarudi nyumbani kwa miguu. Alifika ng'ambo ya mto siku ambayo uwanja wa kwao ulikuwa umejaa watu, na katikati ya uwanja kulikuwa na shimo. Akaona wanateremsha kitu kilichofungwa shuka. Akasikia padri akitaja jina lake.

"Ningepiga kelele," alisema, "lakini sauti ilikataa kutoka. Hapo Nasambu akainua uso. Akaniona. Tulitazamana, mwalimu, mimi na yeye. Halafu akafunika uso wake na leso, akaendelea kunilia kwa sauti kubwa kuliko mwanzo. Nikajua ameamua nimekufa. Kwetu mtu akishazikwa na kuliliwa hapiti tena langoni. Wangenifungulia kama mke wangu angesema yule pale, yuko hai. Hakusema."

Akageuka, akarudi Uganda. Kule Tororo akaishi na familia moja ya Wateso, wakampa jina la Emorut, akaoa kwao, na hatimaye akahamia huku Malaba. Mke huyo alikufa bila mtoto. Kitabu hakuwahi kukigusa tena. Anasema yeye hana mtoto duniani, na alisema hivyo akizungusha kile kifungo cha redio kutafuta habari.

Nilitaka kupiga kelele, "Unaye!" Lakini uliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Ulimi umeniuma mpaka sasa.

Petronilla

---

Rukala, 16 Machi 2025

Mwalimu,

Nakuandikia kwenye simu na huku hakuna mtandao, nitaituma kesho nikifika Funyula. Barua yako kama ipo sijaiona, na labda ni heri, maana sijui kama ningeimudu.

Nilimkuta mama anachambua kunde. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakanitoroka yote. Nikamuuliza bila hata kumsalimia vizuri, "Mama, kaburini kwa baba kuna nini?"

Akasema, "Mgomba." Hakuinua hata kichwa! Aliutaja kama vile nimemuuliza chumvi iko wapi.

Mgomba, mwalimu. Hawakuupata mwili, kwa hivyo walikata shina la mgomba, wakalivika shati lake, wakalifunga shuka, wakalizika. Ndivyo watu wetu wanavyomfanyia aliyechukuliwa na maji, ili asitangetange. Kila mtu mzima wa Rukala anajua. Oduori alijua, yule mdogo wake baba aliyemrithi mama na kunilea. Hata padri alijua. Nikamuuliza mama mbona hakuniambia, akasema, "Hukuniuliza." Hukuniuliza! Nani duniani humuuliza mama yake kama baba yake ni mgomba?

Nilitoka nje nikasimama pale kaburini, nikapiga teke udongo. Watoto wa jirani walinitazama kwa woga. Nilimwonyesha mgomba gauni langu la harusi. Nikampelekea Quinton picha ya kaburi la mgomba iwe ushahidi wa sheria!

Kuna jingine, na hili mama alilisema kwa sauti ya chini. Siku ile ya mazishi, wote walikuwa wanatazama shimoni. Yeye akainua macho, akamwona baba amesimama ng'ambo ya mto. Amekonda, amevaa koti la mtu mwingine, hasemi kitu. Mama akajua ni mzimu wake umekuja kuangalia kama umezikwa vizuri. Nyanya yake alimfundisha kwamba mzimu hauitwi jina wala hautazamwi, ukiutazama sana unakuchukua. Basi akafunika uso, akalia kwa nguvu zake zote ili uone umependwa, uende kwa amani. Alipofunua uso haukuwepo.

Anasema alifarijika. Aliona umeridhika.

Sielewi kitu tena, mwalimu. Niandikie, hata kama ni mabaya.

Roselida

---

Malaba, 17 Machi 2025

Dada,

Bila shaka umeshafungua yangu sasa, kama mimi nilivyofungua yako. Nimezisoma zote mbili mfululizo, nikazisoma tena, halafu nikaenda kukaa chooni nilie peke yangu Adeke asinione.

Mama yako alidhani ni mzimu! Na mzee akadhani amekataliwa! Ee Mungu wangu. Mto mmoja tu, watu wawili wanatazamana, na hakuna aliyefungua mdomo.

Nimempigia Quinton Busia. Kwanza aliniuliza kama nimekunywa. Kisha akasema kazi isimame, kwa sababu mwandishi akiwa hai kitabu si cha watu wote, ni chake, na hatuna ruhusa. Halafu akaniambia kwa upole tukitaka tunaweza kuendelea kimya kimya, maana msalaba upo na hakuna atakayekuja kuchimba. Nilimkatia simu. Nitamwomba radhi baadaye, ni kijana mzuri.

Mzee hajui lolote. Hajui kuhusu wewe, wala kwamba mama yako yu hai. Alikuja leo akaniuliza mbona hatusomi. Nikasema macho yananisumbua. Neno hili si langu kulisema, ni lenu. Lakini msichelewe, dada. Jana alikohoa muda mrefu.

Petronilla

---

Funyula, 23 Machi 2025

Mwalimu Petronilla,

Nilirudi Rukala, nikamwambia mama jana. Nilimsomea barua yako yote, hata pale pa kufunika uso.

Alianza kucheka. Unajua maana yake. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akakaa chini kwenye udongo pale pale, mwanamke ambaye hakai chini hata kanisani, na cheko likageuka kuwa kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Alikuwa anasema, "Koti. Nilijiuliza mzimu umepata wapi koti." Nilimshika. Nami nililia, na nilikuwa na hasira na wote wawili, nayo bado ninayo. Miaka hamsini nzima nimeishi bila baba, naye yuko Malaba anachaji redio!

Wazee wameitwa. Wengine wanasema ni laana aliyezikwa kurudi, wengine wanasema ni baraka, mmoja alitaka kujua kama atadai shamba. Mama aliwasikiliza mpaka wakachoka. Leo asubuhi akaniambia nichukue kalamu. Anayoyasema nimeyaandika kama yalivyo, yako hapa chini. Msomee mzee. Kaa karibu naye unaposoma.

Roselida

*Wabwire,*

*Ni mimi Nasambu. Macho yangu hayaoni kuandika, anayeandika ni mtoto.*

*Siku ile sikukukataa. Nilidhani wewe ni mzimu. Ungekohoa tu, Wabwire. Ungerusha hata jiwe majini. Wewe uliyejaza kitabu kizima kwa maneno ulikosa neno moja la kuniita! Nimekasirika na ninacheka, usidhani nimebadilika.*

*Oduori alinirithi. Alikuwa mtu mzuri. Alikufa, na yeye tulimzika mwenyewe, si mgomba. Usiniulize zaidi ya hapo.*

*Sasa sikia. Ulipoondoka na mtumbwi nilikuwa na mimba, nami sikujua. Una mtoto. Anaitwa Roselida, ameolewa Funyula, ana watoto wake. Ndiye huyu anayeandika na sasa hivi analowesha karatasi. Ndiye aliyekuwa anachapa kitabu chako na wewe unasikiliza huko barazani.*

*Wazee wamekubali, baada ya kelele. Kaburi litafukuliwa kwanza, kondoo atachinjwa, na utaingia kwa nyuma, ukuta utatobolewa, si langoni. Vumilia, ndivyo ilivyo. Uje mchana watu wote wakuone unatembea kwa miguu yako. Mimi sijui nikikuona nitakukumbatia au nitakupiga. Uje hivyo hivyo.*

*Nasambu*

---

Malaba, 25 Machi 2025

Dada Roselida,

Nilimsomea jana barazani. Nilimfukuza Adeke, akajificha nyuma ya mlango, nikajifanya sijamwona.

Aliposikia jina la mama yako alishika mkono wa kiti. Pale pa mzimu alifumba macho, akasema, "Mzimu," akarudia, "mzimu," akitikisa kichwa. Nilifikiri hapo ndipo patakapomvunja. Kumbe bado. Nilipofika "una mtoto" aliniambia nisimame. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena. Mara ya nne nilishindwa kusoma, Adeke akatoka mafichoni akaichukua barua, akamsomea yeye.

Akaichukua barua mikononi mwake. Kisha akauliza, "Yule mchapaji?" Nikasema ndiye. "Yule wa koti?" Ndiye, mzee. Akaweka mikono usoni, dada, na mabega yakaanza kutikisika. "Nimekaa hapa wiki zote hizi," alisema, "ninamtafutia makosa mwanangu." Alilia kama watoto wanavyolia, bila kujificha. Baadaye akataka kujua kama maswali yake yalikukasirisha. Nikamwambia ukweli, kwamba yalikukasirisha sana. Hilo lilimfurahisha, sijui kwa nini. Alisema basi ni wa Nasambu kweli.

Kuhusu kitabu, Quinton alikuja leo kutoka Busia na karatasi ya ruhusa. Mzee ametia sahihi, kwa jina lake la zamani. Kitabu kitolewe bure, anayetaka asome. Lakini kwenye ukurasa wa kwanza wa nakala yetu ufute lile neno "marehemu", na koti liwe la bluu.

Nikamuuliza siku gani itamfaa kusafiri. Nilidhani atasema baada ya Pasaka, ajitayarishe, apone kikohozi. Aliniangalia kama mimi ndiye nisiyeelewa kitu.

"Waambie wachimbe haraka," alisema. "Nina miaka themanini na miwili. Nikifa kabla hawajanifufua, watanizika wapi?"

Chimbeni, dada.

Petronilla